Tyubu ya picha imechoka kwenye monita ya zamani ya gemu: nihamishe yoki au niache ile ya TV?

pikseli_kubwa

Habari wakuu. Monita ni ya inchi 19, imetoka kwenye kabati la gemu la mwanzoni mwa miaka ya 1980. Skani ya mlalo ni 15.7 kHz, B+ (umeme mkuu wa DC wa monita) ni volti 120, na inalishwa kupitia transfoma ya kutenga. Lebo ya tyubu ni 19VLUP22. Ikiwashwa, picha inachukua karibu dakika kumi kufikia rangi zake, nyekundu inabaki hafifu, na nikipandisha mwangaza sehemu nyeupe zinavimba na kuchuruzika kuelekea kulia. Zaidi ya hapo fosfori (rangi ya ndani ya kioo inayowaka) imeungua: hata monita ikiwa imezimwa, njia za Pac-Man zinasomeka kwenye kioo. Kapasita za chesisi (bodi kuu ya sakiti ya monita) zimeshabadilishwa zote.

Nina TV ya zamani inayofanya kazi, ya ukubwa huohuo, na lebo ya tyubu yake inaanza na A48. Je, kweli tatizo ni tyubu? Na kama ni tyubu, hii ya TV nitajuaje kama itakubali, na nihamishe yoki ya zamani (zile koili za shingoni zinazopinda mwale) kwenye tyubu mpya au niache ile iliyokuja nayo?

kathodi3

Una magonjwa mawili hapo, na tiba zake ni tofauti. Fosfori iliyoungua haina dawa. Mashine ya kufufua tyubu inasafisha kathodi tu (sehemu inayotoa elektroni), kioo haikigusi, kwa hiyo hata ukizifufua bunduki zote tatu za elektroni, moja kwa kila rangi, zile njia zitabaki palepale. Ule uhafifu ndio unaohitaji kuthibitishwa, kwa sababu tyubu nyingi zinahukumiwa kwa kosa la lehemu iliyopasuka.

Anza na hita, ule waya unaopasha kathodi moto. Inatakiwa volti 6.3, na kwenye chesisi nyingi za aina hii inatoka kwenye flaibaki (transfoma inayotengeneza volti kubwa), yaani ni mapigo ya 15.7 kHz, si umeme laini. Mita ya kawaida itakudanganya; tumia ya RMS halisi inayofika masafa hayo. Pima kwenye miguu ya soketi ya tyubu, usipime kwenye flaibaki. Ukikuta volti 5 na kidogo, chomelea upya miguu ya soketi na kiunganishi cha bodi ya shingo (ile ndogo inayovaa miguu ya tyubu), kisha tazama tena. Soketi zenye kutu kwa ndani ni za kawaida sana kwa umri huo.

Hita ikiwa sawa, badilishana nyaya za ishara ya nyekundu na kijani mahali zinapoingia bodi ya shingo. Udhaifu ukihamia kijani, kosa liko nyuma huko, kwenye bodi ya gemu au waya. Ukibaki kwenye nyekundu, umebakiwa na transista ya nyekundu kwenye bodi ya shingo au bunduki yenyewe. Hapo pima volti ya kathodi ya nyekundu ukiwa na skrini nyeupe. Kama inashuka sawa na zile nyingine mbili na nyekundu bado haiji, bunduki imechoka, huna haja ya kutafuta zaidi. Kuvimba na kuchuruzika ulikokutaja kunaelekea hukohuko: kathodi haina tena elektroni za kutosha, ukiidai zaidi ya ilizonazo mwale unatawanyika.

mlalo_na_wima

Kuhusu ile A48. Kwenye mfumo huo wa majina, A ni tyubu ya TV, M ni ya monita, na namba inayofuata ni ulalo unaoonekana kwa sentimita. A48 ni inchi 19, A51 ni inchi 20, A63 ni inchi 25. Kwenye jina la Kimarekani kama 19VLUP22, 19 ni inchi zinazoonekana na P22 ni aina ya fosfori. Kwa ukubwa basi mko pamoja. Bado mambo manne: pembe ya mkunjo (kiasi mwale unavyopindwa kufika pembeni), unene wa shingo, mpangilio wa miguu, na yoki.

Pembe: 90 na 100 zinakaribiana, 110 iache. Tyubu ya digrii 110 inahitaji sakiti ya kunyoosha pande za kushoto na kulia, na chesisi za enzi hizo kwa kawaida hazina. Utapata picha iliyobonyea kiunoni na hakuna kitufe cha kuinyoosha.

Shingo: pima kwa kalipa. Ni milimita 29 au 22.5. Hita zote mbili huwa za volti 6.3 kwa kawaida, lakini soketi ni tofauti na yoki haziingiliani. Kama miguu haifanani, ng'oa soketi ya TV uiweke kwenye bodi yako ya shingo kwa nyaya fupi, ukifuata majina yaliyochapishwa kwenye bodi ya TV. Miguu ya hita unaitambua kwa ohm chache ukiwa umezima. Mingine yote isomeke wazi. Waya wa fokasi usiupitishe karibu na chochote, una maelfu ya volti.

Sasa yoki, na hapa ndipo watu wanapochoma chesisi. Kioo ni kioo tu, hakijali kiko kwenye TV au kwenye kabati la gemu. Yoki ndiyo mali ya chesisi. Koili ya mlalo ni sehemu ya sakiti inayotengeneza volti kubwa: henri zake pamoja na kapasita iliyo kwenye transista ya mlalo ndizo zinazoamua muda wa mwale kurudi. Henri zikipungua sana, mkondo unapanda, marejeo yanafupika, pigo kwenye transista linakua na EHT (volti kubwa ya tyubu) inakwenda juu. Transista inakufa, au unapata volti nyingi kuliko tyubu inavyostahili, na hilo ni suala la mionzi pia. Henri zikizidi, picha inakuwa nyembamba na EHT inashuka. Hiyo angalau haivunji kitu.

Kwa hiyo pima yoki zote mbili zikiwa zimechomolewa: ohm za mlalo, ohm za wima, na kwa mlalo pima na mH kwa mita ya LCR kwenye 1 kHz. Ohm peke yake kwa upande wa mlalo hazitoshi, yoki mbili za ohm sawa zinaweza kupishana henri vibaya. Mlalo ukiwa ndani ya asilimia 10, koili ya upana italimaliza. Leta namba.

pikseli_kubwa

Nimepima. Shingo zote mbili ni milimita 29, soketi inaingia bila kulazimisha na majina ya miguu yanafanana. Yoki ya monita: mlalo 1.3 Ω na 1.10 mH, wima 34 Ω. Yoki ya TV: mlalo 1.4 Ω na 1.18 mH, wima 8.5 Ω. Kwa wima basi imeshindikana, au sivyo?

mlalo_na_wima

Haijashindikana, umepata bahati. Mlalo unapishana asilimia 7, upana utapungua kidogo tu. Wima angalia hesabu: 34 ni mara nne ya 8.5. Koili ya wima huwa ni nusu mbili, na kwenye hiyo ya TV inaelekea zimefungwa sambamba. Kila nusu itakuwa 17 Ω. Zifunge mfululizo unapata 34, na henri nazo zinapanda karibu mara nne.

Fungua kifuniko cha vituo vya yoki, utaona nyaya nne nyembamba za wima. Chora kabla ya kuyeyusha lehemu. Kila nusu ina mwanzo na mwisho. Sasa hivi mianzo yote imeungana upande mmoja na miisho upande mwingine. Unachotaka ni mwisho wa nusu ya kwanza uguse mwanzo wa nusu ya pili, na ncha mbili zilizobaki ziende kwenye plagi. Ukizigeuza, nusu zinapingana na mkunjo wa wima unapotea katikati ya kioo. Ohm zitasoma 34 vilevile, mita haitakuonya. Kama kuna rezista ndogo imekaa juu ya kila nusu, ibaki juu ya nusu yake hiyohiyo, kazi yake ni kutuliza mtikisiko.

Kwa namba hizo jibu langu ni: usiitenganishe yoki ya TV na tyubu yake. Kiwanda kilishazipatanisha. Vaa tyubu pamoja na yoki yake, kabari zake za mpira na pete zake za sumaku, badilisha plagi tu. Kuhamisha yoki ya zamani ni kwa mtu ambaye mlalo umemkatalia.

mkonommoja

Naongeza kuhusu kushusha chaji, kwa sababu ni rahisi mtu akadhani akishagusa anodi (klipu ya volti kubwa kwenye tyubu) mara moja amemaliza.

Chomoa umeme. Bisibisi bapa yenye mpini mrefu wa plastiki, waya wenye kibanio kutoka kwenye chuma cha bisibisi hadi kwenye ule msuko wa waya unaokumbatia mgongo wa tyubu. Msuko huo, usitumie bodi: ukiishushia chaji kwenye ardhi ya bodi ya shingo unaweza kuua transista zilizokuwa nzima. Mkono mmoja nyuma ya mgongo wako, mwingine unapenyeza ncha chini ya kikombe cha mpira hadi iguse klipu. Utasikia tak, au usisikie kitu. Subiri dakika kadhaa, rudia. Kioo chenyewe kinahifadhi chaji na kinairudisha polepole. Tyubu iliyoshushwa jana inaweza kukurusha leo. Tyubu ikishatoka, iache na kipande cha waya kati ya anodi na msuko mpaka siku ya kuifunga.

Kwa hesabu, tyubu ya ukubwa huo ina kama 2,000 pF. Kwa 22 kV hiyo ni takriban nusu jouli. Mshtuko wenyewe si mkubwa, ila utakufanya uiachie tyubu. Kapasita kuu ya B+ wengi wanaisahau, na ya 470 µF ikiwa na volti 160 inabeba jouli 6, mara kumi na mbili. Imalize kwa rezista ya 1 kΩ, 10 W, kwa sekunde tano, kisha thibitisha kwa mita.

Kutoa tyubu: vaa miwani ya kukinga na mikono mirefu. Vuta bodi ya shingo moja kwa moja kwenda nyuma bila kuitikisa pembeni. Katikati ya miguu kuna ncha ya kioo, mara nyingi imefichwa na kofia ya plastiki. Ndipo kiwanda kilipofungia ombwe. Ikikatika utasikia fyuu ndefu na hapo kazi imeisha. Ishara ya baadaye ni lile doa la fedha lililo kwa ndani karibu na shingo: likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia. Tazama doa hilo kwenye tyubu ya TV kabla hujaanza chochote.

Laza monita kifudifudi juu ya blanketi lililokunjwa mara nne, fungua boliti nne za masikio, inua fremu na chesisi na uache tyubu chini. Tyubu inainuliwa kwa kushika kioo cha mbele pande mbili. Shingoni usishike hata kidogo. Masikio ya tyubu ya TV yakipishana na fremu kwa milimita chache, refusha matundu ya fremu kwa tupa. Ule mkanda wa chuma unaozunguka kioo usiutoboe wala kuukata, mvutano wake ndio unaozuia kioo kisilipuke kwa ndani.

Hamisha msuko na koili ya kuondoa usumaku. Msuko ukae juu ya rangi nyeusi ya mgongo, springi yake ikiwa imevutika, na waya wake urudi kwenye bodi ya shingo. Usipouunganisha, ile rangi nyeusi inabaki na chaji na itatafuta njia yake, kwa kawaida kupitia bodi yako. Rangi hiyo usiisugue kwa kitambaa chenye maji, inatoka.

pikseli_kubwa

Nimeelewa. Kuna mpangilio maalum wa kuwasha mara ya kwanza?

mlalo_na_wima

G2 (kirekebishi cha volti ya skrini ya tyubu) chini kabisa kwanza. Hakikisha plagi ya yoki imekaa, kwa sababu mlalo ukiwa wazi transista inaweza isimalize sekunde moja. Washa ukiwa na mita kwenye B+. Isome 120, irekebishe kama sivyo. Tazama shingo: hita zitoe mwanga wa chungwa. Halafu pandisha G2 taratibu mpaka mistari ya marejeo ianze kuonekana, ushushe mpaka ipotee. Ukiona mstari mmoja mweupe wa mlalo, zima papo hapo, wima haufanyi kazi na mstari huo unaunguza fosfori mpya kwa sekunde chache. Ndiyo maana G2 inaanzia chini.

Baada ya hapo weka upya viwango vya kukata vya rangi tatu (pale kila bunduki inapozimika) na nguvu za rangi. Vya zamani viliwekwa kufidia bunduki zilizochoka. Ukiviacha, nyekundu itafunika kila kitu. Fokasi mwishoni.

pikseli_kubwa

Inawaka, picha ni kali na hita ni volti 6.2. Ila mawili: maandishi yamegeuka kama kwenye kioo cha kujitazamia, na pembe ya juu kulia nyeupe ina kivuli cha waridi. Upana umepungua kama sentimita moja kila upande, nimeurekebisha kwa koili ya upana.

mlalo_na_wima

Kugeuka ni nyaya mbili za mlalo kwenye plagi. Zima, zibadilishane. Ingekuwa kichwa chini miguu juu, ungebadilisha zile mbili za wima.

kathodi3

Kivuli cha pembeni usikikimbilie kwa pete. Kwanza ondoa usumaku kwa koili ya mkono: zungusha mbele ya kioo, rudi nyuma taratibu hadi mita mbili, geuza koili ikae digrii 90 na kioo, ndipo uzime. Ukizima ukiwa karibu unaacha doa baya kuliko ulilolikuta. Tena ufanye monita ikiwa imesimama jinsi itakavyokaa kabatini. Gemu kama Pac-Man huwekwa tyubu imesimamishwa kwa upande mrefu, na usumaku wa dunia unatosha kuhamisha rangi ukiipanga imelala kisha ukaisimamisha.

Kivuli kikibaki, washa kijani peke yake, skrini nzima, kisha nyekundu, kisha buluu. Kama kila moja ni safi mpaka pembeni, tatizo lako ni rangi kutokutana, si usafi (kila mwale kugusa fosfori ya rangi yake tu), na unatazama mistari ya gridi badala ya eneo tupu. Kama kijani kina kiraka, basi ni usafi: legeza kibano cha yoki, ivute nyuma mpaka kijani kibaki mkanda katikati, weka mkanda katikati ya kioo kwa pete mbili za usafi, kwa kawaida zile zilizo karibu zaidi na yoki, halafu sukuma yoki mbele mpaka kijani kijaze kote. Angalia nyekundu na buluu kabla ya kukaza.

Pete zilizobaki: jozi ya ncha nne inasogeza nyekundu na buluu kwa kupishana, itumie kuziweka moja juu ya nyingine katikati ya kioo. Jozi ya ncha sita inazisogeza hizo mbili kwa pamoja kuelekea kijani. Anza na nne, kisha sita, kisha rudi. Kila jozi ina vitendo viwili tu: kufungua vishikio vyake viachane ni nguvu, kuzizungusha pamoja ni mwelekeo. Kabla ya yote chora mstari wa rangi ya kucha kuvuka pete zote ili uwe na mahali pa kurudi.

Pembeni hupangwa kwa kuinamisha yoki yenyewe juu-chini na kushoto-kulia, kisha kabari tatu za mpira zinaishikilia, moja juu, mbili chini, zikiachana sawa. Kwa kubandika tumia silikoni isiyonuka siki. Ile yenye harufu ya siki inakula shaba ya koili.

pikseli_kubwa

Kuondoa usumaku kumemaliza kivuli chote, kijani ni safi mpaka pembeni. Katikati nyekundu na buluu zimekaa juu ya kijani. Pembe ya chini kushoto buluu imetoka kama milimita moja kwenye gridi, mengine sawa.

kathodi3

Milimita moja pembeni kabisa, kwenye tyubu ya inchi 19, ni ndani ya kiwango ambacho kiwanda chenyewe kilikikubali. Kosa hilo linaondoka kwa kipande kidogo cha ukanda wa sumaku laini unaotelezeshwa kati ya yoki na kioo upande wa pembe hiyo, na ile tyubu ya zamani pengine ina viwili vitatu vimebandikwa mgongoni. Vibandue kabla hujaitupa. Ila kama mistari ya gemu yako ni minene kama ya Pac-Man, hutaliona ukikaa mbele ya kabati.